AFYA YA JAMII: TWENDE MPAKA KWENYE CHEMCHEMI



Somo letu linahusu afya ya jamii. Limeandikwa kwa ajili ya viongozi wa parokia, wamama wa chama, walimu wa watoto, na kila mtu mwenye jamaa nyumbani. Si somo la waganga peke yao. Lisomwe polepole, sehemu kwa sehemu. Asiyejua kusoma asomewe. Mwishoni kuna maswali ya kujadili pamoja.

1. Maana ya afya ya jamii

Mtu akiugua tunampeleka kwa munganga. Munganga anamwuliza anaumwa wapi, anamwangalia, anapima damu, anampa dawa. Hiyo ni kazi njema, na tunawashukuru wale wanaoifanya. Lakini tufikiri mtaa ambao kila juma watoto watatu wanaharisha. Munganga anawatibu hao watatu, wanapona. Juma linalofuata wanaletwa watatu wengine, na mmoja wa wale wa kwanza anarudi tena. Munganga amefanya kazi yake vizuri, wazazi wametoa pesa yao, na bado ugonjwa haupungui. Kwa nini? Kwa sababu dawa imemfikia mtoto, lakini hakuna aliyefika kwenye kisima ambacho mtoto huyo anakunywa.

Hapo ndipo afya ya jamii inapoanza. Munganga anauliza: Mtu huyu anaumwa nini? Afya ya jamii inauliza: Kwa nini watu wa mtaa huu wanaumwa, na wa mtaa ule hawaumwi? Munganga anatibu mtu. Afya ya jamii inatafuta chanzo cha ugonjwa ili watu wengi wasiugue kabisa. Kazi hizi mbili ni ndugu, moja haichukui mahali pa nyingine.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, tunasoma habari ya watu wa Yeriko. Mji wao ulikuwa mahali pazuri, lakini maji yalikuwa mabaya. Walimwendea nabii Elisha. Tuangalie alichofanya. Hakupita nyumba kwa nyumba. Aliomba chombo kipya na chumvi, akatoka mpaka kwenye chemchemi yenyewe, na hapo ndipo alipotenda. Sisi tunaopenda habari za manabii, tusiisahau njia ile ambayo nabii alitembea kwa miguu yake mpaka mahali maji yanapotokea.

2. Namna ya kutafuta chanzo

Mwaka 1854, katika mji wa London, Uingereza, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja kwa majuma machache. Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba kolera inaletwa na hewa mbaya. Munganga mmoja, John Snow, hakukubali. Alienda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: Mlikuwa mkichota maji wapi? Aliona kwamba wengi waliokufa walikunywa maji ya pampu moja, ile ya Broad Street. Karibu na pampu hiyo kulikuwa na kiwanda cha bia, lakini wafanyakazi wake hawakufa. Walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba 1854 mkono wa pampu uliondolewa, hakuna aliyeweza kuchota tena pale. Tayari watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa, na ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua. Hata hivyo, kazi ya Snow ilionyesha wazi kwamba kolera inapita katika maji.

Katika habari hiyo tunapata hatua nne, nazo ndizo msingi wa kazi yote:

a) Kuhesabu: ni watu wangapi wanaugua, wapi, na tangu lini?
b) Kuuliza: hao wanaougua wana nini pamoja? Maji? Soko? Shule? Kilio walichokwenda?
c) Kutenda pale penye chanzo.
d) Kuhesabu tena, ili kujua kama tulichotenda kimesaidia.

Hatua hizi hazihitaji mashine. Zinahitaji daftari, kalamu na mtu ambaye majirani wanamwamini. Mtu wa namna hiyo hakosekani katika parokia.

3. Maji na choo: jambo ambalo Goma iliona mwaka 1994

Tusidhani mambo hayo ni ya Ulaya ya zamani tu. Katika mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma kutoka Rwanda kwa siku chache. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Vyoo havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika. Maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Watu walijisaidia karibu na pale walipolala, wakachota ziwani, wakanywa bila kuchemsha. Kolera ikatokea, na nyuma yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Baadaye maji safi yaliletwa kwa magari, wagonjwa wakatibiwa mapema zaidi, na vifo vikapungua.

Wakimbizi wale walirudi au walitawanyika, lakini kolera haikuondoka. Inarudi mara kwa mara katika miji ya kando ya maziwa yetu: Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie. Mwaka 2017 ilienea katika sehemu kubwa ya nchi. Wagonjwa waliohesabiwa walipita 50,000, na waliokufa walipita 1,000.

Njia ya kolera ni fupi nayo ni ya aibu: inatoka katika kinyesi cha mtu mmoja na kuingia katika kinywa cha mtu mwingine. Inapita katika maji, katika mikono, katika chakula, na kwa miguu ya nzi. Tukikata njia hiyo mahali popote, ugonjwa hauna pa kupitia. Basi tuikate hivi:

Maji. Tuchote mahali palipolindwa, bombani au kwenye chemchemi iliyojengwa. Maji ya ziwa, ya mto au ya kisima kilicho wazi yachemshwe, au yatiwe kloro. Katika miji mingi ya kando ya ziwa kuna watu wa kujitolea wanaosimama pwani na kutia kloro ndani ya kila bidoni. Tusiwapite kwa haraka. Na maji yakishatiwa kloro, tungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Bidoni iwe na kifuniko, ioshwe ndani. Maji yamiminwe, mtu asitumbukize kikombe wala mkono.

Choo. Kila nyumba iwe na choo chenye kifuniko, mbali na maji mita 30 au zaidi, tena upande wa chini, si juu ya kisima. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho ni hatari, kitupwe chooni. Hata wana wa Israeli walipokuwa jangwani waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi na kitu cha kuchimbia, ili wafukie kilichowatoka. Tusome Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Mungu hakuona jambo la choo kuwa dogo kiasi cha kutolisema.

Mikono. Tunawe kwa maji na sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kumhudumia mgonjwa, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha mtoto. Pasipo sabuni, majivu yanasaidia. Ile desturi ya wageni wote kunawa ndani ya sahani moja ya maji iachwe. Maji yamiminwe juu ya mikono ya kila mmoja.

Wengine wanasema: Babu zetu walikunywa maji ya ziwa hili na hawakufa. Tuwajibu kwa heshima. Babu zetu waliishi katika vijiji vya nyumba chache, na kolera ya siku hizi iliingia kwetu katika miaka ya 1970 tu, wao hawakuijua. Leo pwani ile ile inachotwa na mji mzima, na mvua inashusha ndani yake uchafu wa vilima vyote.

Tuone pia jambo moja kubwa. Mama mmoja anaweza kuwa na choo kizuri, bidoni safi na sabuni kila siku. Lakini kama jirani zake wanane hawana choo, mvua ikinyesha uchafu wao utapita uani mwake, na nzi hawaulizi ni mali ya nani. Ndiyo maana tunasema afya ya jamii. Nyumba moja haiwezi kujilinda peke yake.

4. Mkono wa jamaa unaookoa

Kolera haiui kwa sumu ya ajabu. Inaua kwa kukausha mwili. Mgonjwa anatoa maji mengi kama maji ya mchele, anatapika, na anaweza kufa katika saa chache. Lakini akirudishiwa maji mapema, karibu wote wanapona. Wanaotibiwa vizuri, hafi hata mmoja katika 100.

Mwaka 1971 wakati wa vita, watu wengi walikimbia kutoka nchi inayoitwa leo Bangladesh na kuingia India. Katika kambi ya Bangaon kolera ilienea na serumu za mshipani zikaisha. Munganga Dilip Mahalanabis aliagiza maji yachanganywe na chumvi na sukari, na jamaa wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao. Wengine walidhani ni mzaha. Lakini pale ambapo walikuwa wakifa karibu 30 katika 100, sasa walikufa chini ya 4. Waliookoa maisha ni wamama, wababa na kaka wenye kikombe mkononi.

Siku hizi maji hayo yanatengenezwa kwa paketi ya SRO, ambayo inapatikana katika vituo vya afya. Paketi moja ya kawaida inatiwa katika lita 1 ya maji safi. Kama hakuna paketi, nyumbani tunaweza kutengeneza hivi:

- maji safi lita 1, yaliyochemshwa na kupoa;
- sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa;
- chumvi nusu ya kijiko kidogo, isizidi.

Koroga mpaka iyeyuke, kisha onja. Isiwe na chumvi kupita machozi. Ikizidi, mwaga, tengeneza mengine, maana chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila baada ya kuharisha. Mtoto mkubwa apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Tuelewe vizuri: maji haya ni ya kuanza nayo nyumbani na kuendelea nayo njiani. Si ya kukaa nayo nyumbani. Ukiona macho yameingia ndani, mkojo hautoki, mtoto analia bila machozi, ngozi ikivutwa hairudi upesi, au mgonjwa amelegea, mbebe mara moja. Na anayeharisha maji tele kama ya mchele apelekwe hata kabla ya dalili hizo.

5. Chanjo ni ukuta wa mtaa

Katika mwaka 2019 watu wengi waliongea juu ya Ebola. Lakini katika mwaka ule ule surua ilishika nchini watu zaidi ya 300,000 na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Surua iliua wengi kupita Ebola, nayo ni ugonjwa wenye chanjo ya zamani inayojulikana.

Chanjo inafanya kazi mbili. Inamlinda mtoto aliyeipata, na inamlinda pia yule ambaye hawezi bado kuipata. Surua inaruka upesi sana kwa hewa. Kwa hiyo inatakiwa watoto 95 hivi katika 100 wawe wamechanjwa ili isipate njia. Ni kama ukuta wa matofali: yakitoka mawili matatu, ukuta unasimama. Yakitoka mengi, mwizi anaingia. Mtoto wa miezi 4 ni mdogo bado kwa chanjo ya surua, ambayo kwetu inaanzia miezi 9. Anayemlinda ni mtoto wa jirani aliyechanjwa. Basi mzazi anayemficha mtoto wake siku ya chanjo, anafungua tundu katika ukuta wa watu wote.

6. Kazi imepangwa namna gani nchini kwetu

Mwezi wa Septemba 1978, wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo. Walikubaliana kwamba afya isingojewe katika hospitali kubwa za miji. Ianze karibu na watu, nao watu wenyewe washiriki katika kuipanga. Nchi yetu ilishika njia hiyo mapema. Katika miaka ya 1980 iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo ziko 519.

Kila zoni ina hospitali yake kubwa ya rufaa, na chini yake vituo vya afya, kila kituo na eneo lake. Mgonjwa anaanza kwenye kituo. Kituo kikishindwa kinamtuma hospitalini. Katika mitaa na vijiji kuna watu wa kujitolea ambao tunawaita reko. Hao wanapita nyumba kwa nyumba, wanafundisha, wanaandika watoto wa kuchanjwa, wanatoa habari kituoni ugonjwa mpya ukitokea. Na kila kituo kinapaswa kuwa na komite ya afya ambayo watu wa eneo wanaichagua.

Ni kweli, tunajua shida. Kuna vituo visivyo na dawa, waganga wasiolipwa, barabara mbaya, vita. Mama anafika na anaombwa pesa ambayo hana. Mambo hayo yasifichwe, na komite ya afya ndipo mahali pa kuyasema. Lakini komite haiwezi kusema kama hakuna anayekuja kukaa ndani yake. Washiriki wetu wasiogope kuchaguliwa, wala wamama wasiachwe nyuma, kwa sababu wao ndio wanaochota maji na kubeba wagonjwa.

7. Siku ya kilio

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni. Ilienea mpaka Butembo na Ituri, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, waliokufa 2,287. Mwili wa mtu aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi sana. Kuuosha, kuukumbatia, kulala kando yake, kumewaua wengi waliofanya hivyo kwa upendo.

Katika siku zile watu wengi walikimbia wahudumu, na wengine waliwapiga mawe. Tusiwacheke. Watu wa Beni walikuwa wameuawa na watu wenye silaha kwa miaka mingi bila kuona msaada, na ghafula wakaona magari mengi kwa sababu ya ugonjwa mmoja. Moyo uliojeruhiwa hauamini upesi. Kwa hiyo imani ya watu nayo ni dawa, na ni lazima iandaliwe kabla ya ugonjwa kufika. Viongozi wa dini na wazee waliposhirikishwa, iliwezekana kufanya mazishi salama na ya heshima. Jamaa wanaangalia kwa umbali, wanaomba, wanaimba, wanataja jina la marehemu, na wale waliovaa nguo za kujilinda ndio wanaogusa mwili. Kilio hakikufutwa. Kilichobadilika ni mkono wa kuosha.

8. Maombi na munganga

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana jambo hili linatuhusu kuliko wengine. Wagonjwa wengi wanakuja kwanza kwenye maombi kabla ya kwenda kituoni. Wanakuja kwa sababu wanaamini, na kwa sababu kwetu hawaulizwi pesa. Ni heshima kubwa, na ni mzigo mkubwa. Mtu aliyefika mlangoni kwetu akafa kwa sababu tulimchelewesha, tutamjibu nini mama yake?

Wengine wanauliza: Je, kwenda hospitali si kupungukiwa imani? Tukumbuke tena Elisha. Aliliita jina la Bwana, lakini mkononi alikuwa na chumvi. Hakuona aibu kushika chumvi. Basi tusione aibu kushika paketi ya SRO, wala mfuko wa chanjo, wala barua ya kumtuma mgonjwa kituoni. Tumwombee njiani, tumwombee kitandani, tuendelee kumwombea akirudi. Maombi hayana mlango mmoja.

Kwa hiyo viongozi wa parokia washike mambo haya matano:

a) Anayeharisha sana, mwenye homa kali, mtoto anayeshikwa na degedege, mama mjamzito anayetoka damu: hao wasilazwe mahali pa maombi hata usiku mmoja. Wapelekwe mara moja, na mtu wa parokia awasindikize.

b) Mgonjwa, mtoto, mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasifungishwe. Anayeharisha akinyimwa maji, tunamsaidia kufa.

c) Mtu asiambiwe kuacha dawa zake. Dawa ya kifua kikuu inamezwa miezi 6 au zaidi. Akiiacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu, na anaambukiza wanaokaa naye. Vivyo hivyo dawa ya ukimwi, ya sukari, ya kifafa. Kama anaona amepona, munganga apime kwanza.

d) Maji yanayotumiwa katika maombi yatoke mahali salama, yachemshwe au yatiwe kloro. Watu mia moja wasinywe katika kikombe kimoja. Kila mtu aje na chake.

e) Mahali wagonjwa wanapokutana pawe na choo, maji ya kunawa na madirisha yaliyo wazi. Tusijenge nyumba ya maombi bila kujenga choo.

9. Parokia ianze wapi?

Kila Jumapili mhasibu anasimama na kutusomea sadaka yetu, mpaka faranga ya mwisho. Ni vizuri. Lakini nani anaweza kusimama na kutuambia ni watoto wangapi wa parokia hawajachanjwa? Nyumba ngapi hazina choo? Wamama wangapi walizaa mwaka huu bila kufika kituoni? Watoto wangapi tumewazika, na kwa ugonjwa gani? Tunahesabu pesa kwa sababu tunaziona ni za thamani. Tuhesabu na watu.

Basi kila parokia ichague watu watano, wamama wasipungue watatu. Katika mwezi wa kwanza wapite kila nyumba na daftari na waandike mambo manne tu: maji yanachotwa wapi, choo kiko au hakiko, watoto wa chini ya miaka 5 na karatasi zao za chanjo, na wajawazito. Wasiseme habari za nyumba moja katika nyumba nyingine. Mwezi wa pili wakutane na reko na mkubwa wa kituo cha afya, waweke daftari zao pamoja. Mwezi wa tatu parokia ichague kazi moja tu, ile ambayo hesabu imeonyesha kuwa ya kwanza. Pengine ni kujenga chemchemi, pengine ni kuchimbia wajane choo, pengine ni kusindikiza watoto siku ya chanjo. Vijana watoe nguvu, wenye mbao watoe mbao. Na kazi hiyo isiwe ya washiriki wetu peke yao. Majirani wa makanisa mengine, waislamu, na wasiosali popote waitwe pia, kwa kuwa wanachota maji yale yale. Baada ya mwaka, tuhesabu tena.

Tukiona watoto wanaoharisha wamepungua, tutajua tumefika kwenye chemchemi. Kama hawajapungua, tusikate tamaa wala tusidanganyane. Tuulize tena, maana pengine chanzo kiko upande mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya munganga na kazi ya afya ya jamii? Toeni mfano wa mtaa wenu.
2. Katika parokia yenu, ugonjwa gani umewasumbua watoto zaidi mwaka huu? Mnadhani chanzo kiko wapi? Mtahakikisha namna gani?
3. Mtoto ameanza kuharisha usiku, kituo kiko mbali. Mtafanya nini kwanza, na mtafanya nini asubuhi? Mama mmoja aonyeshe mbele ya wote namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari.
4. Kwa nini mtoto wa jirani asiyechanjwa ni habari yangu?
5. Mahali penu pa maombi kuna choo na maji ya kunawa? Kama hakuna, nani ataanza, na siku gani?
6. Mnamjua reko wa mtaa wenu kwa jina? Juma hili aalikwe aje kusema na parokia.

Bwana awape nguvu ya kufanya kazi hii, naye azilinde nyumba zenu. Amina.